Tangazo la Tatu

Baba yangu alikaa benchi moja na mchumba wangu tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, na muda wote huo hakumruhusu hata kwenda chooni peke yake. Alimfuata hadi nyuma ya shule, akasimama nje, akakohoa ili Enoki ajue kwamba yupo. Kisha wakarudi wakakaa. Watu waliokuja kwa daktari siku ile pale Makambako waliwatazama wanaume wale wawili, mmoja mzee mwenye kofia ya sufu, mwingine mpana wa mabega na pua iliyovunjika mahali pawili, wakadhani mzee amemkamata mwizi na anangoja polisi.

Niliwaona dirishani kila nilipopata nafasi ya kuinua kichwa. Ilikuwa mwezi wa saba, na upepo wa Makambako hauna adabu mwezi huo, unaingia mikononi mwa shati na kutokea shingoni. Nilitamani kutoka niwapelekee chai ya pili. Lakini Baba alikuwa amesema Enoki asiguse kitu ambacho yeye mwenyewe hajakinusa, na mimi sikutaka kuanza ugomvi mbele ya wagonjwa.

Nilikuwa nesi katika hospitali ya misheni upande wa Njombe. Mara moja kwa mwezi daktari wetu, Mswidi mmoja mrefu aliyetembea ameinama kana kwamba kila mlango ni mfupi, alikuja Makambako kwa Landrova na kutibu watu katika darasa la shule ya kanisa. Kiswahili chake kilitosha kuomba maji ya moto na kumkemea asiyemeza dawa. Yaliyobaki yote yalipitia kinywani mwangu. Yeye akisema kwa Kiingereza, mimi nageuza kwa Kiswahili, na kwa wazee nageuza kwa Kibena. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimewapa watu habari mbaya nyingi ambazo hazikunihusu, na nilijivunia kwamba sauti yangu haitetemeki.

Wazo la kumleta Enoki kwa daktari lilikuwa langu. Nilijiona mwerevu sana.

Ndoa yetu ilikuwa imekwisha kutangazwa mara mbili kanisani kwetu Kitandililo. Tangazo la tatu lilikuwa la kesho yake, Jumapili. Lakini siku ya tangazo la pili, ibada ilipokwisha, Enoki alitoka akiyumba, akakosa ngazi ya mlangoni, akaanguka juu ya akina mama waliokuwa wakifunga watoto wao migongoni. Alipoinuka akaomba radhi, na ulimi wake ulikuwa mzito. Basi. Kabla hatujafika nyumbani, kijiji kizima kilikuwa kimeshakata shauri kwamba binti wa mzee wa kanisa anaolewa na mlevi wa ulanzi.

"Baba, ulanzi gani mwezi wa saba?" nilimwambia jioni ile. "Mvua zikikatika mianzi haitoi kitu. Ulanzi ulikwisha tangu mwezi wa tano."

"Kuna komoni," Baba akasema. "Pombe ya nafaka haina majira."

"Enoki hanywi. Alikata mianzi yote ya marehemu baba yake kwa ajili ya maneno ya watu."

"Na watu wanasema aliikata akiwa amelewa." Baba alivua miwani yake na kuifuta kwa pindo la koti, jambo alilolifanya akiwa na huzuni. "Tabea, mimi ndiye ninayesoma majina ya watu waliotengwa na meza ya Bwana kwa ajili ya pombe. Nimewasoma wajomba zako. Nikae kimya kwa mkwe wangu?"

"Akipimwa na daktari, na daktari akasema si pombe?"

Baba alivaa tena miwani. "Nitakaa naye mimi mwenyewe tangu alfajiri," akasema mwishoni. "Nikiona hakuonja kitu, na bado anayumba, na daktari akasema si pombe, nitampa mkono mbele ya kanisa zima."

Ndiyo maana walitembea pamoja kutoka Kitandililo giza likiwa bado halijaondoka, na ndiyo maana Baba alikuwa akikohoa nyuma ya choo cha shule.

Saa tisa daktari alimaliza na wengine wote. Nilitoka kuwaita. Enoki aliponiona aliinuka upesi mno, akashika nguzo. Alikuwa amevaa koti lake la jeshi, na vifungo vyote alivifunga, ila alianza na tundu lisilo lake, kwa hiyo upande mmoja ulikuwa juu ya mwingine. Nilitamani kumfungua na kumfunga upya. Badala yake nikasema kama ninavyowaambia wagonjwa wote, "Karibu ndani."

"Kamwene, nesi," akanijibu kwa salamu ya Kibena, kwa heshima kubwa, na jicho moja likacheka.

Kwa jicho lile nilimpenda. Miaka miwili nyuma alikuja hospitalini na mkono uliokatwa na shoka huko kwenye mashamba ya miti ya miwati, alikokuwa akimenya magome. Nilipokuwa nikimshona nilimwambia pole kila nilipochoma sindano. Alinitazama mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Nimeshonwa na watu wengi, ila wewe ndiye wa kwanza kuniomba radhi." Sikulala vizuri juma zima.

Baba aliingia kwanza, akasimama mbele ya meza ya daktari na mikono nyuma, kama anayetoa ushahidi. "Mwambie hakunywa kitu. Uji wa asubuhi nimeunusa. Chai nimeinusa. Nimekaa naye mpaka makalio yamekufa ganzi. Hilo la mwisho usimwambie."

Nikageuza, bila la mwisho. Daktari akashukuru, akamwomba Baba angoje nje, maana mgonjwa huonwa peke yake. Baba alitoka akiwa ameridhika na kazi yake. Tukabaki watatu.

"Mwulize aliwahi kufanya kazi gani," daktari akasema. Alikuwa akiitazama ile pua.

"Nilikuwa bondia," Enoki akasema. "Nilianzia jeshini, wakati wa vita vya Hitla. Afisa wetu alipenda ngumi. Baada ya vita nikapigana Tanga, Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi. Miaka tisa kwa jumla."

"Mapambano mangapi?"

"Mia na kitu. Ya jeshini hatukuyahesabu."

"Mara ngapi alipoteza fahamu?"

Enoki alicheka. "Mwambie Bwana Daktari, aliyepoteza fahamu ndiye wa mwisho kuulizwa."

Nikageuza, na mimi nikicheka. Daktari hakucheka. Aliinuka, akachora mstari wa chaki sakafuni toka mezani hadi mlangoni, akamwambia atembee juu yake, kisigino mbele ya kidole. Enoki alichukua hatua nne akatoka nje ya mstari. Akarudia. Akatoka tena. Daktari akamnusa kinywa, akamwambia anyooshe mikono, na vidole vilitetemeka kidogo, mkono wa kushoto zaidi. Akamwambia afumbe macho aguse ncha ya pua yake. Aligusa shavu.

"Pua yenyewe haiko mahali pake," Enoki akasema, macho bado ameyafumba. "Asinilaumu."

Kisha daktari akataka nimpe maneno matatu ayashike. Nikasema polepole, "Jembe. Kondoo. Barua." Enoki akayarudia vizuri kabisa. Daktari akamwuliza habari za mashamba, za mvua, za baridi, na baada ya dakika chache akamtaka ayataje yale maneno.

"Kondoo," Enoki akasema. Akangoja. Paji la uso likajikunja. "Kondoo."

Akanigeukia. Alinitazama kama mtoto anayemwangalia dada yake darasani ili amnong'oneze jibu. Nilikuwa nayo yote mawili mdomoni, jembe na barua, na nikabana midomo. Sijapata kumkatalia kitu kingine kidogo kama kile, wala kilichoniuma namna ile.

"Kondoo tu," akasema mwishoni. Kucheka kulikuwa kumekwisha.

Daktari akarudi kukaa. Kalamu yake ilikuwa imesimama. "Mwulize kama hasira zake zimebadilika."

Enoki alitazama mikono yake. "Mwaka jana huko kwenye miwati mwenzangu mmoja alinigusa bega kutoka nyuma. Aliniletea maji. Wanasema nilimpiga akalala chini. Mimi nakumbuka kikombe kikiwa chini, na watu wamenishika. Kumpiga sikumbuki." Akainua macho. "Sikukwambia, Tabea. Nilikuwa nitakwambia."

"Amesema nini?" daktari akauliza, kwa kuwa nilichelewa.

Nikageuza. Sauti yangu haikutetemeka.

"Mwulize kama amewahi kutamani kufa."

Maneno hayo yalikuwa mepesi kwa Kiingereza. Nilikwisha kuyauliza kwa wanawake waliofiwa, kwa wagonjwa wa ukoma. Nilimgeukia mwanamume niliyeshona shuka zake za ndoa, nikamwuliza, "Enoki, umewahi kutamani kufa?"

Upepo ulikuwa ukigonga bati. Alinitazama mimi, si daktari.

"Kuna siku hunishika huzuni isiyo na sababu," akasema. "Huwa naingia ndani ya miwati mahali ambapo sisikii mtu, nakaa. Mara mbili nilibeba kamba. Mara zote mbili nilisahau niliibeba ya nini, nikafungia kuni nikarudi." Alijaribu kutabasamu. "Kwa hiyo kusahau nako kuna faida yake."

Niligeuza hayo pia. Sijui yalitokaje.

Daktari aliweka kalamu chini. Alianza kunieleza, na alieleza kwa muda mrefu, maana alikuwa mtu mwema aliyependa manesi wake waelewe. Alisema ujanani huko kwao aliwatibu mabondia wazee katika mji wa bandari, na kwamba jambo hili analijua. Si pombe hata kidogo, ingawa duniani kote watu hudhani ni pombe. Ngumi zile zote zimeuumiza ubongo ndani, mahali ambapo sindano haifiki. Halina dawa. Halisimami hata mtu akiacha kupigana. Huendelea lenyewe polepole. Kusahau kutazidi, na huzuni, na hasira. Baada ya miaka kumi, pengine kabla, hatajua njia ya kwenda nyumbani kwake.

"Ana mke?" akauliza.

"Hapana, Daktari."

"Afadhali. Mwanamke atakayemchukua atakuwa akilea mtoto mwenye ngumi za mtu mzima. Siku moja atampiga, na hatakumbuka. Mwambie kwa upole, lakini mwambie."

Enoki alikuwa akimtazama daktari, kisha mimi, kisha daktari, kwa subira ya mtu anayengoja mvua ipite.

"Ana mchumba," nikasema kwa Kiingereza.

"Na huyo mchumba anajua hali yake?"

"Sasa anajua."

Daktari alinitazama. Kisha akamtazama Enoki, na lile koti lililofungwa vibaya, akanitazama tena. Uso wake ukawa mwekundu hadi masikioni. Miaka mitatu nilimfanyia kazi mtu yule, na ndiyo siku pekee nilimwona amekosa neno katika lugha zote alizozijua.

"Nisamehe, Tabea," akasema. "Nitafute mtu mwingine wa kumweleza?"

"Hakuna mwingine," nikasema.

Ilikuwa kweli. Katika darasa lile, katika Makambako nzima siku ile, tulikuwa wawili tu tulioyajua yale maneno, na mmoja wetu angepanda Landrova baada ya nusu saa.

Nikamgeukia Enoki. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga kichwani, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa. Nikafungua kinywa.

"Anasema si pombe," nikasema.

"Ndiyo?" Uso wake ulifunguka. "Anasema hivyo?"

"Anasema ni ngumi za zamani. Upumzike."

"Umemwambia yote?" daktari akauliza.

"Yote, Daktari."

Nilikuwa sijawahi kumdanganya mgonjwa. Siku ile nilimdanganya mgonjwa na daktari kwa pumzi moja, na hakuna bati lililoanguka.

Baba aliitwa. Alisikia, akaomba nirudie, nikarudia. Akamwendea Enoki, akampa mkono, na mkono wake mwingine akauweka juu, kama tunavyowapa watu tunaowaheshimu. "Nimekukosea, mwanangu," akasema. Enoki akainama mpaka magoti yakakaribia sakafu. Nilisimama karibu ya ubao nikifuta chaki ambayo haikuwapo.

Tulianza safari ya kwenda nyumbani jua likiwa bado juu ya miti. Nilipewa likizo ya majuma mawili kwa ajili ya harusi. Baba alitangulia mbele kwa miguu ya kijana, na kila tuliyekutana naye njiani alimsimamisha. "Kamwene. Tunatoka kwa daktari. Si pombe." Mtu hajauliza, anaambiwa si pombe. Mama mmoja aliyebeba kuni alimjibu, "Haya, baba, tunashukuru," akaendelea na njia yake akigeuka kututazama.

Enoki alitembea kando yangu. Tulipofika kwenye kijito kilicho nusu ya njia, Baba akapanda kuwasalimu jamaa zake waliokuwa na nyumba pale juu. Tukakaa juu ya mawe. Maji yalikuwa baridi ya kukata vidole. Enoki aliyachota akanawa uso.

"Daktari aliongea mpaka chai yake ikapoa," akasema. "Wewe ukasema maneno matatu."

Nilichovya vidole majini.

"Mimi Kiingereza changu ni cha kambini. Simama, kaa, kushoto, kulia. Lakini nilisikia neno la kichwa. Na nilisikia neno la mke." Alijifuta kwa mkono. "Mimi nimekaa kwenye kona ya ulingo miaka tisa, Tabea. Namjua mtu anayekwambia uko vizuri wakati jicho lako linaning'inia. Niambie."

"Kesho ni tangazo letu, Enoki. Tuache lipite kwanza."

"Ndiyo sababu niambie leo."

Nikamwambia. Nilianza na maneno ya hospitali na nikamaliza na yangu. Nilimwambia halina dawa. Nilimwambia habari ya miaka kumi, na ya njia ya nyumbani. Nilipofika mahali pa mwanamke atakayempiga asikumbuke, nilishindwa, nikashika koti lake kifuani kwa mikono miwili na kulilia humo humo. Yeye alinishika kichwa. Vidole vyake vilikuwa vikitetemeka ndani ya nywele zangu, nami sikujua ni ugonjwa au ni kilio.

"Basi nina jina la kitu hiki," akasema baadaye. "Nilidhani ninaingia wazimu. Nilidhani ni vita vya Burma. Nilidhani ni Mungu."

"Mimi sijali," nikasema. "Nimelea wagonjwa wabaya kuliko wewe. Nitakukumbushia. Kila utakachosahau nitakukumbushia."

"Na ngumi?"

"Nitajua kukaa mbali siku hizo."

"Sikiliza." Aliniinua uso kwa kidole kimoja. "Kufa hakunitishi, nimekwisha kuzoea wazo lake. Ninachoogopa ni asubuhi moja niamke, nikukute jicho lako limevimba, nikuulize kwa hasira, nani amekupiga mke wangu. Na wewe uniangalie, ukose la kusema."

Nilishika kidole chake, nikakiondoa usoni pangu.

"Kesho Mchungaji akiuliza kama kuna mwenye neno," akasema, "nitasimama mimi mwenyewe. Si wewe, si baba yako. Watu watanicheka mimi, wewe utabaki na heshima yako. Utapata mtu, Tabea. Mwalimu. Mtu mwenye pua moja."

"Usinifanyie hivyo."

"Nitakufanyia, kwa sababu leo bado ninaweza." Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti, na hakuyafuta. "Bado nina akili ya kukupenda vizuri. Niruhusu niitumie."

Baba aliita kutoka juu, akitaka tuendelee kabla baridi haijashuka. Enoki aliinuka, akanipa mkono kunivusha mawe, tukaendelea mpaka Kitandililo nyuma ya Baba. Kwenye njia panda alimuaga Baba kwa adabu. Mimi alinitazama tu. Nilijua ndivyo mtu anavyoangalia kitu asichotarajia kukiona tena, na nilimchukia kwa wema wake.

Jumapili kanisa lilijaa. Habari ya daktari ilikuwa imewatangulia waumini, na waliokosa kuja majuma mawili walikuja kuona mkwe asiye mlevi. Nilikaa upande wa wanawake, pembeni mwa Mama, katika gauni la rangi ya maziwa nililolishona kwa ajili ya siku nyingine. Sikusikia somo. Sikusikia nyimbo. Nilikuwa nikijifunza namna ya kukaa bila kuanguka.

Enoki alikuwa benchi la tatu upande wa wanaume, shati jeupe limepigwa pasi. Baba alimkalisha karibu yake mwenyewe.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho," Mchungaji akasoma, "natangaza ndoa ya Enoki, mwana wa marehemu Kefa, na Tabea, binti Filemoni. Mwenye neno la kuizuia ndoa hii na aseme sasa."

Nikaitazama mikono ya Enoki juu ya magoti yake. Nilingoja ijikaze imwinue. Nilikuwa nimejiambia kwamba sitalia, na kwamba nikilia sitatoa sauti. Mchungaji aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Mtoto mmoja alikohoa. Ile mikono ilitetemeka kidogo, kama kawaida yake, ikabaki pale pale.

Kisha Enoki akageuza kichwa, akanitafuta kati ya vilemba vya wanawake, akaniona, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu pana la mtu asiye na mzigo hata mmoja, la bwana harusi siku ya tangazo lake la mwisho.

Nikaelewa. Hakuwa amebadili nia. Alikuwa amesahau. Maneno yote ya kijitoni, yaliyotugharimu machozi yale, yalikuwa yamekwenda kulikokwenda jembe na barua.

Mchungaji alikuwa bado anangoja. Sasa neno la kuzuia lilikuwa la mtu mmoja tu mle ndani, na mtu huyo alikuwa mimi. Ningeweza kuinuka. Ningeweza kusema kile alichotaka kusema, kwa niaba yake, kwa sababu kazi yangu ilikuwa hiyo, kusema maneno ya wengine. Miguu yangu ilikuwa na nguvu. Nilikaa. Kama nilikaa kwa upendo au kwa ubinafsi, mpaka leo siwezi kuvitenganisha, na nimejaribu.

"Kwa kuwa hakuna," Mchungaji akasema, akakunja karatasi. Baba akamshika Enoki bega, kwa mbele, na watu wakaanza kuimba.

Nje watu walitushika mikono mpaka mikono ikachoka. Walipopungua, Enoki alinisogelea. Tabasamu lilikuwa limefifia kidogo.

"Tabea, jana kijitoni tuliongea nini?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nimeamka asubuhi mto wa kulalia umelowa. Nilikuwa nimelia usingizini. Nakumbuka maji, na nakumbuka umenishika koti. Najua lilikuwa jambo kubwa. Jambo lenyewe silipati." Aligusa paji lake kwa vidole viwili, kwa aibu. "Uliahidi utanikumbushia. Hilo nalikumbuka. Nikumbushie."

Nilimtazama. Nikimwambia, angelisikia kwa mara ya kwanza, na angeumia kwa mara ya kwanza, na angeniacha tena kwa maneno mazuri yale yale. Na kesho yake asubuhi angeniuliza tena.

"Uliniuliza kama nitachoka nawe ukizeeka," nikasema.

"Ukanijibuje?"

"Nikakwambia sitachoka."

Alifikiri, kisha uso ukamfunguka, akatikisa kichwa akijicheka. "Kumbe nililia kwa furaha, na mimi nimekaa asubuhi nzima naogopa."

"Ndiyo," nikasema. "Kwa furaha."

Baba alituita tukale. Tuliteremka njia bega kwa bega, watu wakituombea heri kutoka nyuani mwao, Enoki akinieleza mahali atakapojenga jiko letu na upande ambao mlango utatazama, na tangu nizaliwe sijapata kuwa mpweke namna ile.